Mama Mkwe Alionekana Nairobi

Naendesha saiba, duka la intaneti, mjini Kitale, na kwa miaka mingi nimejiita mtaalamu wa usalama wa mtandao. Cheo hicho hakuna aliyenipa. Nilijipa mwenyewe, na wateja wakanizoea nacho.

Mama mkwe wangu anaishi Kabuchai, upande wa Bungoma. Kwetu mume hamsogelei mama mkwe. Hatupeani mikono, hatuketi nyumba moja, na tukikutana njiani mmoja hugeukia kando mwenzake apite. Simu zilipokuja hakuna aliyetuambia kama nazo zinahesabika, basi nikajiwekea sheria ya kutompigia. Likiwepo jambo, mke wangu ndiye anayelibeba.

Baba mkwe alipofariki nilizichukua picha zake zote, nikazipitisha kwenye skana pale saiba. Kisha nikamfungulia mama mkwe akaunti ya barua pepe na kuzihifadhi humo. Mke wangu akamwonyesha pa kubonyeza. Kila Jumapili baada ya kanisa mama alikuwa akiketi nyuma ya nyumba na simu yake, akimtazama mzee. Nilipoambiwa hivyo nilifurahi sana. Ni njia pekee niliyokuwa nayo ya kumhudumia bila kumvunjia heshima.

Sasa, asubuhi moja nikapata ilani, maana barua pepe ya dharura ya akaunti ile ilikuwa yangu. Ilisema kifaa kipya kimeingia, ikataja anwani ya IP, yaani namba ambayo kifaa huonekana nayo mtandaoni, na mbele yake pameandikwa Nairobi. Mama mkwe alikuwa Kabuchai akipalilia mahindi, hilo nililijua vizuri. Nikaamua ni mwizi. Mke wangu ni mwalimu, alikuwa darasani na simu imezimwa, naye angetoka saa nne. Lakini mtaalamu hangoji saa nne. Nilibadilisha paswadi, nikaondoa vifaa vyote kwenye akaunti, nikaagiza chai. Kufikia jioni wateja walikuwa wamenichosha hata nikasahau kumweleza mke wangu.

Wiki tatu baadaye mke wangu alienda kumwona mamake. Akanipigia akiwa huko, sauti iko chini.

"Mama hali chakula vizuri. Hata mazoezi ya kwaya ameacha. Ati simu ya zamani ilianguka kwa maji, ndugu yangu akamletea ingine, akafungua picha mara moja tu halafu zikapotea. Anadhani ni yeye alibonyeza vibaya. Anadhani amemfuta baba."

Tulimaliza kuongea. Nikaichukua simu yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu hapo Kitale, nikaangalia anwani yangu ya IP inasema niko wapi. Nairobi. Jambo hilo nilikuwa nimewaeleza wateja mara ngapi? Ukitumia data ya simu, anwani unayoonekana nayo ni ya kampuni ya simu. Unaazimwa kwa muda, tena pamoja na watu wengine wengi kwa wakati mmoja. Anayeiona hujua kampuni yako, na mji hukisia tu. Jina lako halimo, wala mlango wako. Kampuni yenyewe inaweza kufuatilia kwenye kumbukumbu zake ni laini gani iliyoitumia saa ile, lakini mtu baki hawezi. Yote hayo nilikuwa nayajua, na bado nimemfungia mjane nje ya picha za mumewe.

Kesho yake nilikuwa Kabuchai. Nilipewa kiti uani. Mama mkwe aliketi ndani karibu na dirisha, ukuta ukiwa katikati yetu, na mke wangu akasimama mlangoni. Nikasema nitazungumza mwenyewe. Mke wangu akanitazama, hakunizuia.

"Mama, hukufuta kitu. Ni mimi nilifunga. Mashini iliniambia uko Nairobi."

Sauti yake ikatoka dirishani. "Nairobi nifanye nini?"

Nikamkumbusha zamani, barua zetu zote zilipokuwa zikija kwa sanduku la posta la shule. Nikamwambia ile anwani ni hivyo hivyo.

"Naelewa," akasema. "Barua zangu zilikuja na sanduku la Malakisi, na mimi sijawahi kuishi Malakisi. Sasa hiyo mashini haikujua niko hapa?"

"Haikujua, mama."

"Na wewe?"

"Mimi nilijua."

"Basi si ungeniuliza tu."

Hakuwa na hasira, na hapo ndipo aliponimaliza. Nikaomba msamaha, nikasema heshima ndiyo iliyonizuia kupiga. Akajibu kuwa siku nyingine nipige, heshima haiko kwa simu.

Niliiweka paswadi mpya kwenye simu yake, mke wangu akampelekea ndani. Zikafunguka moja moja. Nikamsikia akivuta pumzi, halafu akicheka polepole, halafu akimsalimia mzee kwa Kibukusu kana kwamba ametoka safari. Nikiwa pale uani nilitulia moyo kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya mke wangu.

Nilipoinuka kuaga, akaniita kupitia dirishani.

"Mkwe, kuna hii ya siku ya harusi yenu. Mzee amekushika bega. Unajua mimi sijawahi kukuangalia uso?"

"Najua, mama."

"Basi hii ndiyo naangaliaga sana. Kwa picha hakuna mwiko."