Kifundo Kisichouma

Chumba changu hapa Migori kinanuka dawa ya kuchua. Daktari amenikataza kusimama sana na kukaa sana kwa ajili ya kifundo cha mguu kilichochakaa, kwa hiyo mtu mzima mwenye digrii mbili anaandika akizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Utotoni, kijijini Kosele, mchuaji alikuwa nyanya yangu. Siku moja ya Sabato nilitoroka kanisani nikacheza mpira, nikateguka. Kesho yake kifundo kilikuwa kimevimba kama kiazi. Ningekiri, mpira ningeusahau.

“Mbona unachechemea, nyakwara?” aliuliza. Ndivyo alivyotuita wajukuu wote.

“Sichechemei. Natembea tu.”

“Haya. Anayetembea tu abebe ndoo, aende mtoni.”

Nilienda. Njia ilikuwa ya mawe, na ndoo ilinimwagikia kila hatua. Niliporudi akaniangalia miguu.

“Hakuna kinachouma?”

“Hakuna.”

“Basi rudi. Mtungi haujajaa.”

Safari ya tatu nilimkuta ameketi kwenye kigoda, kitambaa magotini, kando yake kikombe cha samli ya kuchulia aliyoipasha moto.

“Sema tu,” akasema, kwa sauti ya chini.

Nje ya ua wenzangu walikuwa wameshaanza kupiga mpira, wakiniita.

“Siumwi, nyanya.”

Akairudisha samli chupani polepole, bila kumwaga hata tone. Nami nikatoka mbio kwenda kucheza.