Neno Mbele ya Mstari

Mwandishi wa programu aliyekaa mkabala nami alichapa kwa vidole viwili tu, na kabla ya kugusa kibodi alipandisha kwanza mikono ya sweta. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Yeye ndiye aliyetunza injini ya mchezo wetu wa kompyuta, yaani programu inayouendesha. Mchezo ukiendeshwa, injini ilitiririsha kwenye skrini taarifa za kila linalotokea: za kawaida kwa kijani, za makosa kwa nyekundu. Binti mgeni aliyeajiriwa kuujaribu mchezo, makosa yalikuwa yakimpita hivihivi, na meneja alishamwambia, "Mdogo wangu, likikupita jingine tutaachana." Asubuhi moja mwandishi alimtazama binti akifuata mistari kwa kidole, mmoja mmoja, kama mtu ambaye kwake nyekundu na kijani ni kitu kimoja. Akapandisha mikono ya sweta. Kufikia mchana, kila mstari wa kosa ulianza na neno KOSA kwa herufi kubwa. Meneja akauliza nani kabadilisha.

"Mimi," alisema mwandishi bila kugeuka. "Rangi zinanichanganya macho, bosi."

Binti alisoma kidogo, akanyoosha mgongo. "Kuna kosa hapa," akasema. "Mlango wa ngome haufunguki."