Chuma Anafundishwa Kusimama

"Siku miguu hii ikiungua nitatembea kwa mikono, na nyinyi wote mtalipa kiingilio kuja kuniangalia."

Mjomba wangu aliyasema hayo kwenye harusi ya shemeji yake, kipaza sauti mkono mmoja, soda mkono wa pili, mbele ya wakwe waliokaa wima. Hakuna aliyemuuliza habari za miguu. Mshereheshaji alikuwa amempa nafasi amtakie bibi harusi heri.

Mtaani walimwita Chuma, ingawa maisha yake yote aliyeyusha alumini. Karakana yao ni banda la mabati nyuma ya gereji ya malori. Injini mbovu na fremu za madirisha zinaingia mlango wa mbele, sufuria zinatoka mlango wa nyuma. Chungu cha kuyeyushia hubebwa na watu wawili, kwa mtaimbo mrefu wenye pete katikati. Wa mbele anaongoza. Wa nyuma anafuata nyayo zake na kusali kimyakimya. Chuma alikuwa wa mbele. Wa nyuma alikuwa kaka wa mkewe, aliyeitwa Mapafu kwa sababu kazi alianzia kwenye kuvukuta moto.

Karakana ile ina sheria moja ambayo hata mbuzi aliyepotea njia angeielewa: suruali huvaliwa juu ya buti. Uji wa alumini ukikurukia, uteremke kwa nje uende zake. Chuma alichomeka suruali ndani. Alisema ikining'inia anaonekana kama ameazima nguo. Basi akawa anapita mbele ya wauza chai na buti hadi chini ya magoti, jenerali wa nchi isiyo na jeshi.

Asubuhi moja kalibu ya kumiminia sufuria ilijazwa mchanga uliolowa kupita kiasi. Walipomimina, maji yakageuka mvuke mle ndani, kalibu ikapasuka kama bomu, na alumini ikaruka ikaingia kwenye midomo ya buti zote mbili. Chungu walikitua, sijui kwa akili ipi. Kisha Mapafu akamwangusha shemeji yake chini, akamkalia mapajani, akazipasua zile buti kwa kisu cha karakana. Soksi zilitoka na ngozi. Chuma akarusha ngumi, na jino la mbele la Mapafu likaenda kuishi kwenye mchanga.

Hospitali walimchuna ngozi ya mapaja wakamtia viraka miguuni. Vidonda vilipofunga, kila mtu alidhani kazi imekwisha. Akashuka kitandani kwa mbwembwe, akaanguka kama gunia la mkaa, akapasua nyusi kwenye kona ya kabati. Makovu yalikuwa yamevuta vidole vya miguu juu, na nyayo zilikuwa hazimwambii kitu. Akisimama, hajui kama amekanyaga sakafu au mkono wa mtu.

Ndipo akakabidhiwa kwa mama wa mazoezi, mfupi, mwenye vidole kama koleo. Wagonjwa walimwita Sajini. Alivishika vidole vya miguu ya Chuma akavikunja kuelekea chini mpaka kovu likalia kama gundi inayobanduliwa.

"Unaniua, dada."

"Wafu hawanitukani. Wewe tangu asubuhi umenitukana vizuri tu."

Alimsimamisha kwa mguu mmoja juu ya kipande cha godoro, macho yamefumbwa, halafu akamsukuma bila taarifa. Bega, mgongo, kiuno. Chuma akaanguka, akapiga mkeka makofi kwa hasira, akainuka, akasukumwa tena.

"Mwili wako unategemea macho," Sajini akamwambia. "Ukiangalia chini unasimama, ukiinua kichwa unakwenda chini. Lazima ujifunze kujidaka. Nyumbani kuna mtu wa kukusukuma?"

"Anayenipenda?"

"Hapana. Wanaokupenda watakubembeleza."

Mke wake, aliyekuwa amemsindikiza, hakuhitaji kufikiri. "Kaka yangu yupo."

Mapafu alifika nyumbani kwao jioni hiyohiyo, pengo likimeremeta, amekunja mikono ya shati. Alimsukuma shemeji yake uani, jikoni, kwenye korido akitoka kuoga. Siku nyingine alimsukuma kwa nia njema; siku nyingine alilikumbuka jino. Walivunja meza ya chai. Walivunja mlango wa choo. Chuma alimkaba, Mapafu akampiga kichwa cha pua, na mke wake akawamwagia wote wawili maji ya kudekia.

"Shemeji, hili ni zoezi," Mapafu akasema, damu ikimchuruzika.

"Nakujua wewe. Sajini hakusema utumie goti."

Lakini akawa haanguki. Fimbo yake ya kutembelea akaiweka nyuma ya mlango. Alichotaka ni kimoja tu, na alikisema kila alipokula: kurudi mbele ya mtaimbo. Mwenye karakana alikubali kwa sharti. Wabebe chungu kilichojaa mchanga, wazunguke banda lote, na neno la mwisho awe nalo Mapafu, kwa sababu miguu itakayoungua safari hii ni yake.

Siku ya jaribio Chuma alivaa suruali juu ya buti. Wakanyanyua. Wakapita tanuru, wakapita kalibu, kichwa kiko juu, hatua zimenyooka. Mafundi wakaanza kupiga miluzi. Kwenye kona ya mwisho mguu wake wa kulia ukakanyaga kipande cha bomba. Mtu mwingine angekisikia kupitia soli akauinua mguu. Chuma hakusikia kitu. Aliuwekea uzito wote. Bomba likabingirika, mtaimbo ukainama, na mchanga wote ukamwagika juu ya miguu ya Mapafu.

 Chuma mwenyewe alikuwa bado amesimama. Alijidaka vizuri kabisa.

"Ni mchanga tu," akasema.

Mapafu akampiga ngumi ya taya. Chuma akayumba, akarudi wima, akamrudishia ya tumbo. Wakapigana katikati ya sufuria, zikiporomoka kama radi, na hakuna aliyewaamua. Jambo la ajabu ni kwamba Mapafu alipiga kila alichokuwa nacho na shemeji yake hakuanguka hata mara moja. Mwishowe aliyekaa chini ni Mapafu, anahema, anaondoa mchanga kwenye kamba za viatu.

"Umesimama, shemeji," akasema. "Nimeona. Lakini sibebi na wewe. Nina watoto."

Chuma aliinama akalitazama lile bomba kwa muda. Kisha akalipiga teke, likagonga bati, na hakubishana.

Siku hizi anashindilia mchanga kwenye kalibu, na anaupima unyevu kwa kuufinya mpaka wenzake wanachoka kungoja. Kazi ile hufanywa kwa kukaa. Alikwenda mwenyewe kwa seremala, kwa miguu, bila fimbo, akachagua kigoda cha mbao ngumu. Alikilipia shilingi elfu nane.