Niliuliza Injinia Anapata Ngapi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Ukikulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale tangu una miaka sita, ukaona ni wangapi wamekuja na kalamu na fulana mpya, wakaandika jina lako na kutoweka, utashuku hata baraka za padri. Kwa hiyo yule bwana aliyeleta fomu za mkopo wa chuo kikuu nilimtazama viatu kwanza. Vilikuwa safi. Kwetu vumbi halimwachi mtu, nikajua gari limemshusha mlangoni, nikakaa mbali naye kidogo.

Halafu hakutaka kutamka neno deni. Alisema "msaada wa kurudisha". Nikamuuliza msaada unaorudishwa ni msaada wa namna gani. Akacheka, akasema mtu anayeuliza hivyo atakuwa injinia mzuri. Sifa ile sikuipenda, maana muuza nyanya naye hukusifu kabla hajakutilia zilizooza chini ya mfuko.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nilikuwa nimepata nafasi chuoni Mbarara, kusomea uhandisi wa mitambo. Ada hatukuwa nayo. Mkopo ulikuwepo, lakini ulitaka dhamana, na mama yangu alikuwa na kitu kimoja tu cha thamani duniani: mashine ya kusaga mahindi, ya dizeli, aliyoinunua baada ya miaka ya kuuza maharage. Baba tulimzika Burundi. Mashine ile ndiyo iliyotulisha na kunilipia sekondari, na ndipo nilipojifunza kusikiliza beringi inayoanza kulalamika. Nikisoma na nikashindwa kulipa, inachukuliwa. Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja: je, injinia anapata hela za kutosha kulipa marejesho kila mwezi, mashine ibaki?

Mama hakunisukuma. "Dosie iko tayari," alisema, akiniwekea mbele bahasha ya karatasi za mashine. "Nangoja weye tu." Majirani walishaanza kusema nimepata burse, kwa sababu kwetu pesa yoyote ya shule ni burse, na burse hairudishwi. Wazee wawili wakaja kunipongeza na kungoja soda. Niliwaambia ni mkopo. Wakasema ndiyo, burse ya mkopo.

Basi nikajiwekea mpango. Mwenye fomu sitamuuliza, huyo anauza. Waalimu wa chuo sitawauliza, nao wanauza. Injinia mwenyewe ndiye simuulizi kabisa, kwa kuwa mwanamume akiulizwa mshahara huongeza mbele ya msichana kama mimi na kupunguza mbele ya ndugu. Nitamuuliza mtu anayeziona hela zake zikitoka mfukoni. Nilijiona nina akili nyingi sana.

Nikapanda gari pale Kabingo nikaenda Mbarara, kwenye maduka ya vipuri. Nikachagua duka la hajji mmoja mwenye ndevu nyeupe, mtu wa hapohapo Mbarara, aliyesema Kiswahili cha biashara kama wenzake wote. Nilinunua mkanda wa mashine ya mama ili nisionekane mpelelezi. Wakati anaufunga nikauliza, kama mtu anayepitisha muda, hivi mainjinia wa mji huu wananunua vizuri?

"Injinia? Nyabo, hiyo watu iko na pesa mingi. Kila wiki nakuja hapa. Yeye hakopi, yeye nalipa."

"Kama ngapi kwa wiki?"

Akanitajia. Sikumwamini, bila shaka. Nikaenda duka la pili nikanunua grisi, la tatu nikanunua nati ambazo sikuzihitaji, na kote nikauliza vilevile. Majibu yakalingana, na wenye maduka wale hata hawasalimiani, wasingeweza kupatana. Nikaona nimeukamata ukweli mkia. Jioni nikapiga hesabu nyuma ya daftari: hata nikipata nusu ya pesa ile, deni linaisha mwaka wa tatu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini nikasema mimi matanga yangu nimeyapima kwanza. Wiki iliyofuata mama akasaini, herufi moja moja, ulimi nje. Nami nikasaini.

Nilisoma miaka minne na nikafaulu, hilo silionei aibu. Kazi nikaipata Bwizibwera, kwenye kituo kinachokusanya maziwa, kuangalia matangi ya kupoozea. Kwenye karatasi niliandikwa injinia mwanafunzi. Mshahara wa kwanza ulipokuja niliuhesabu mara mbili. Nikitoa chumba na chakula, kilichobaki hakikufika hata nusu ya rejesho la mwezi. Mara moja nikajua: wananiibia kwa sababu ni mkimbizi. Nilitembea na hasira ile mwezi mzima, simsalimii mhasibu. Mwisho nikamkaba mwenzangu, mwenyeji Mnyankore aliyemaliza darasa moja na mimi, anionyeshe ya kwake. Akanionyesha. Ilikuwa ileile, senti kwa senti. Nikakosa wa kumkasirikia, na hilo liliniuma zaidi.

Mwezi wa nne wa kazi kituo kikanituma Mbarara kununua beringi ya pampu. Nikaenda kwa hajji yuleyule. Nimesimama pale na karatasi yangu ya oda, akaingia mtu mwenye ovaroli iliyoganda oili, kandambili mguuni, na hajji akamwita kwa furaha, "Injinia!" Mtu akatoa bunda la noti, akalipa, akatoka. Akaja wa pili, mtengeneza pikipiki. "Injinia, karibu." Wa tatu alikuwa anachomelea mageti.

Nikaiweka karatasi yangu mezani. "Hajji, hawa wamesoma wapi?"

"Soma nini? Hawa natengeneza tu. Fundi."

"Sasa mbona unawaita injinia?"

"Sasa niite nini?" Alinishangaa kweli. "Hapa kila mtu ya spana ni injinia."

"Na sisi tuliotoka chuo?"

Akaitazama karatasi yangu ya oda. "Nyinyi hapana nunua hapa na pesa yenu, nyabo. Nyinyi naleta karatasi."

Kwetu Warundi, ingeniyeri ni mtu wa diploma na shati lililopigwa pasi. Anayelala chini ya gari ni mekanisie, na ukiwachanganya utachekwa. Nilikuwa nimeuliza kwa Kiswahili huku kichwani nina Kifaransa. Tena hata zile noti hazikuwa za mekanisie. Zilikuwa za wenye magari, za kununulia vipuri. Nilimshuku mwenye fomu, nikawashuku waalimu, nikamshuku mhasibu, na neno nililolibeba mwenyewe kutoka nyumbani sikulishuku. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa kwenye benchi la hajji, akaniletea maji.

Jumapili, baada ya misa, nikaenda kumwambia mama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipofika, banda la mashine lilikuwa limejaa watu na mashine inanguruma, lakini mama hakuwa kwenye mpini. Aliyeushika ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara.

"Nimemuuzia," mama alisema kabla sijafungua mdomo. "Wale wa mkopo walikuja Ijumaa. Wangeichukua kwa bei ya vyuma. Yeye amelipa vizuri, na deni lako nimelimaliza."

Nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo kwamba nitashindwa.

"Tangu siku ile nasaini nilijua itaenda. Nani anatoa pesa hivihivi? Lakini ningekuambia, ungekataa kusoma."

Nikalia, sikuficha. Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye mwenye kushuku katika nyumba ile. Mama alinipa kitambaa chake cha kichwa nipanguse uso, akachukua beseni lake la mahindi, akaenda kupanga mstari. Alikuwa wa sita. Zamu yake ilipofika, jirani akapima, akamtajia bei ya kilo kama mtu asiyeijua, na mama akafungua fundo la kitenge akalipa.