Muhonja Hakutaka Tumwage Machicha

Jameni, bado nangoja mtu aniambie ni uongo. Muhonja, rafiki yangu tuliyeuza juisi naye hapa Kakamega mjini, ametuacha. Boda aliyopanda kwenda kwao Shinyalu iligongwa na lori.

Jana nimefungua kibanda nikaita, "Muho, leta ndoo!" Ndoo nikajiletea mwenyewe.

Vita vyetu vilikuwanga vya kichujio. Mimi nilichuja juisi ya mapera mpaka ikawa maji, maana wateja hawataki kitu cha kukwama kwa meno. Yeye aliyashika yale machicha yaliyobaki kama mtu ameshika mtoto.

"Mama Tasha, unamwaga chakula."

"Chakula ya nani?"

"Ya wale bakteria wazuri wa tumbo. Hizi nyuzinyuzi ndizo obusuma yao, ugali wao."

"Basi wapikie na ingokho, kuku mzima!"

Tulicheka mpaka mteja akaenda zake.

Alisomea lishe college. Job hakupata, lakini ile training hakuiacha ilale.

Halafu Tasha wangu akaachishwa kunyonya, choo kikawa kigumu. Mtoto analia kwa poti, mimi nalia kando. Na matunda nilikuwa nampa! Juisi, ile safi, ya kuchujwa.

Muho hakunicheka. Alikuja na papai limeiva, akaliponda kwa uma, akamlisha kidogo kidogo na maji ya kunywa. "Kila siku, Mama Tasha. Tumbo halikimbizwi."

Siku Tasha alienda choo bila kulia, Muho alipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani anaolewa.

Sasa naona comments mtandaoni, chini ya picha yake: "Si alikuwa anahubiri matunda, mbona amekufa mapema?"

Wacheni. Aligongwa na lori. Papai halizuii lori. Alichosema kuhusu tumbo kilikuwa kweli akiwa hai, na ni kweli leo. Mwenye kubisha aje amwone mtoto wangu.

Kesho tunamzika. Kwetu rafiki haendi matanga mikono mitupu, na mimi nimeambiwa nilete juisi. Nitaleta ya mapera na maembe. Sichuji. Atakayelalamika meno, nitampa kijiti.

Muho, Tasha anauliza wewe Tanti wake unakuja lini. Leo papai nimeponda mimi. Amekula, akasema si kama la Tanti.

Nitajifunza, dada yangu. Kichujio nimekitundika. Wewe lala, lala salama.