Fundo la Ndama

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye benchi la shule hapa Manyoni, nikimtazama binti yangu akipangwa mstari na wenzake. Shule imeanzisha kikundi cha skauti wadogo, na karatasi waliyotuletea nyumbani ilisema wazi kwamba mtoto haji peke yake: aje na mtu mmoja wa familia, na mtu huyo akae mpaka mwisho. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe sharti hilo bado lipo. Wewe huenda hulijui, ndugu yangu, lakini mimi liliwahi kunifunga miaka miwili mizima.

Ilikuwa Ihanja, kwa bibi mzaa mama. Mama alifanya kazi Singida mjini kwenye mashine ya kukamua alizeti, akija kila mwisho wa mwezi, nguo zake zikinuka mashudu. Siku nyingine zote tulikuwa wawili tu, mimi na bibi. Babu alifariki mwaka mmoja kabla, na tangu msiba ule bibi hakuenda popote zaidi ya shambani na kisimani. Kanisani aliacha, mnadani aliacha. Jioni alikaa mlangoni akichambua mlenda, na mpita njia akimsalimu, alijibu bila kuinua macho.

Ndipo mwalimu wetu wa darasa la pili akaja na habari ya skauti wadogo. Mimi sikusikia kingine, nilisikia skafu tu. Ilikuwa ya njano, yenye ukingo wa kijani, na niliitaka kama mtu mwenye njaa. Nililia siku tatu. Bibi alisema hana miguu ya kwenda kuchezacheza shuleni na watoto. Siku ya nne, nadhani kwa kuchoshwa na kelele zangu, akajitanda khanga akanishika mkono. Kwa hiyo usimlaumu mtu mwingine. Mtego niliutega mwenyewe.

Nilichukia kuanzia siku ile ile. Asubuhi nzima mguu pande, mguu sawa, jua la utosi, vumbi mpaka kwenye meno. Tulikaguliwa kucha, tukakaguliwa masikio, filimbi ikilia kila tulipotaka kukaa. Na kilichoniuma zaidi, nyuma ya shule kulikuwa na yale mawe makubwa, na watoto wasio skauti walikuwa wakiteleza juu yake kwa magunia. Nilisikia vicheko vyao mimi nimesimama wima, nimekaza shingo. Nikaamua kwamba Jumamosi ile itakuwa ya kwanza na ya mwisho.

Sasa sikia kilichotokea. Mwalimu alikuwa akifundisha mafundo ya kamba kutoka kwenye kitabu, na wazazi wamekaa kivulini wanasinzia. Bibi akainuka. Akamwambia mwalimu kwa adabu kwamba kwa fundo lile ndama atakuwa amekufa kabla maziwa hayajachemka. Akachukua kamba, akaonyesha lile wanalofungia ndama wakati wa kukamua: halibani hata akivuta namna gani, na ukivuta ncha moja tu linafunguka lote, ndama akimbilie kwa mama yake. Mwalimu akajaribu, akashindwa. Wazazi wakacheka, na bibi akacheka pia. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu msibani.

Basi ndiyo ikawa. Ijumaa jioni bibi alipasha pasi ya mkaa akanyoosha skafu yangu. Jumamosi aliamka kabla ya jogoo, akapika uji wa mtama wenye karanga, akaujaza kwenye dumu kwa ajili ya kikundi kizima. Njiani alisalimiana na kila mtu, akasimama, akauliza habari za ng'ombe na za wagonjwa. Kanisani alirudi bila kuambiwa na mtu. Mimi nilitembea nyuma yake kama anayepelekwa kuchomwa sindano.

Mama alipokuja nikamvuta uani nikamnong'oneza kwamba nataka kuacha. Akaniuliza, "Ukiacha wewe, bibi ataenda na nani?" Nilikuwa na miaka minane, lakini nilielewa. Sharti lilikuwa mtoto haji bila mtu mzima, na mtu mzima naye haji bila mtoto. Nililia kwa hasira, na hasira yangu haikuwa na wa kumpiga.

Ikafika siku ya kula ahadi. Kila mtoto aliinua vidole vitatu mbele ya mtu wa familia yake, akaahidi kusema kweli daima, kisha mtu huyo akamwuliza kama ameingia kwa hiari. Bibi hakuuliza kama alivyofundishwa. Aliinama, akanitazama machoni.

"Mjukuu wangu, unapapenda hapa?"

Vidole vyangu vilikuwa bado juu. Nyuma ya shule magunia yalikuwa yakiteleza. Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Alinivalisha skafu, na badala ya kuifunga kama wengine, akanipigia fundo la ndama. Akanishika kidole, akakiweka kwenye ncha, akanong'ona, "Hili halikabi. Siku ukichoka, vuta hapa."

Alijua. Sikuwahi kuvuta nikiwa mstarini, nilivuta nyumbani tu, wakati wa kuvua, na Jumamosi iliyofuata bibi akanifunga upya. Mpaka mwalimu akahamishwa, kikundi kikafa, na mawe yale nikayapata nikiwa nimeshakua mkubwa wa kuona haya kuteleza. Bibi naye ametutoka sasa. Kwenye zizi la Ihanja pameota alizeti.

Jumamosi iliyopita, basi, mwalimu wa hapa alituita tuwavalishe watoto skafu. Nikajaribu fundo la bibi mara tatu. Miaka miwili nililifungua kila wiki, na sikulifunga mwenyewe hata siku moja. La tatu lilishika, nikafurahi. Binti yangu akapeleka mkono shingoni, akasema polepole mwalimu asisikie, "Mama, inanikaba."

Nikalifungua kwa meno, maana halikuwa na pa kuvuta.