Wananiita Shangazi kwa Sababu ya Vidonge Vyangu

Admin, jina langu lifiche. Mtaa nautaja mwenyewe, Chumbageni ni kubwa.

Kwa heshima na taadhima nautangazia umma kwamba mimi, fundi cherehani wa miaka hamsini na nne, mwenye mke mmoja na kitambi kimoja, nimenunua feni ya mezani. Makofi tafadhali.

Feni ni ya jasho. Mwaka jana nilikatwa uvimbe kwenye titi. Ndiyo, titi, na wanaume tunapata. Kile kipande kilipimwa, daktari akasema seli zake zinalishwa na homoni ya kike, ambayo kumbe hata mimi ninayo kidogo. "Kuna kidonge kinaziba pale homoni inapoingilia. Si kila saratani ya titi inaisikia dawa hii. Yako inaisikia. Meza kila siku, miaka mitano." Tangu hapo nikawa napandwa na joto la ghafla kama mama mtu mzima. Mke wangu akanicheka: "Karibu chamani, Baba Mwanaidi."

Utani wake niliupenda. Wa shemeji, mume wa dada yangu, ndio ulionichoma. Alikuja dukani kupunguza suruali, akaliona boksi la dawa juu ya cherehani, akatoka nalo barazani na kusoma karatasi yake kwa sauti mbele ya wanywa kahawa. "Jamani, fundi anatibiwa maradhi ya wanawake! Shangazi, unanyonyesha lini?" Wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. Watu niliowashonea kanzu za Idi! Mpaka leo nikikumbuka, uzi hauingii sindanoni.

Nyumbani nikasema shemeji kazitupa dawa mtaroni. Mke wangu akamfuata kwake akamtolea maneno, sasa dada yangu hakanyagi kwetu.

Uongo mtupu. Shemeji alinirudishia boksi huku anacheka. Vidonge nilivitupa mimi, kimoja kimoja, chooni, kisha nikamwambia mke nimepewa dawa nyingine. Wiki ya saba hii simezi kitu. Joto limeniisha, ila feni naiwasha na shingo kavu naifuta, asishtuke. Jana alinishika paji la uso: "Mbona umepoa hivi?" Nikamwambia, feni nzuri.

Jumatatu ni kliniki, mke wangu kasema atanisindikiza. Shemeji kanikosea, simsamehe leo wala kesho. Lakini aliyeacha dawa ni mimi. Nishaurini ndugu zangu, nianze kusema kwa nani? Mke wangu yuko jikoni, na feni inazunguka hapa ninapoandika.